Kinundu cha Kaakaa: Kipimo au Kianzio?

Pitisha ulimi nyuma ya meno yako mawili ya mbele ya juu, utagusa kinundu kidogo cha nyama. Mtu akiishiwa na meno yote, kinundu hicho hubaki, na ndicho fundi wa meno bandia anachokishika anapopanga meno kwenye nta ya kujaribia. Kanuni inayofundishwa ni kwamba uso wa mbele wa meno mawili ya mbele ukae milimita 8 hadi 10 mbele ya katikati ya kinundu, na mstari wa kuunganisha ncha za chonge mbili upite papo hapo kwenye kinundu.

Faida yake kubwa inatokana na mfupa. Meno yaking'oka, mfupa wa taya la juu huliwa zaidi upande wa mbele, ufizi ukarudi nyuma. Fundi anayepanga meno juu kabisa ya ufizi uliobaki humrudisha mgonjwa nyumbani na mdomo uleule uliobonyea. Wanaotetea upangaji huo wana hoja: meno yakitokeza mbele, mtu akiuma muhindi wa kuchoma, bamba lililobeba meno bandia hubinuka. Ni kweli. Ila mimi naona heri mtu apukuchue muhindi wake kuliko abaki na mdomo wa kibogoyo.

Pingamizi ninaloliheshimu ni jingine. Milimita 8 hadi 10 ni wastani tu. Kuna watu ambao meno yao ya asili yalitokeza zaidi, na mfupa ukiliwa sana, kinundu chenyewe si cha kuaminika kama mwanzo. Upana wa pua, unaotumiwa kukisia mahali pa chonge, nauamini kidogo zaidi ya bahati nasibu.

Kwa hiyo nta ijaribiwe kwa sauti. Katika F na V, ncha za meno ya juu zinapaswa kugusa mdomo wa chini kidogo tu. Vitabu vya Kiingereza humwambia mgonjwa ahesabu kuanzia 50, maana kwa lugha yao kila namba hapo ina F. Sisi tukitafsiri tunapata “hamsini”, F haimo! Mwambie mgonjwa aseme “vifaa vya Fatuma”, halafu “sita, saba” kwa ajili ya S. Na kama ana picha ya ujanani akicheka, ailete siku ya kujaribu nta, kabla meno hayajafungwa kwenye plastiki.