Kwetu Mchezo Unamngoja Mgeni Rasmi

Wiki hii kimetumbukizwa mlangoni kwangu kijitabu cha kikundi cha maigizo cha mji huu mdogo ninaokaa, katikati ya Uingereza. Msimu wao mzima ujao umo humo, tangu Septemba mpaka Julai: mchezo wa upelelezi wa kufungulia, pantomaimu ya Disemba, yaani mchezo wa hadithi wenye vichekesho na nyimbo, kwa ajili ya watoto, tamthilia nzito ya wahusika watatu mwezi wa Februari, mchezo wa nyimbo na kucheza karibu na Pasaka, na Shakespeare wa uwanjani Julai, mvua inyeshe isinyeshe. Kila mchezo una tarehe yake, saa yake, bei yake, na siku ya majaribio kwa mtu yeyote anayetaka kuigiza. Nilifurahi kukisoma. Kisha nikapandwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa juu ya Waingereza.

Watu hawa si wasanii wa mshahara. Aliyekuwa mfalme mwaka jana namkuta kila mara nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Anayewaongoza ni mwalimu mstaafu. Mafundi seremala waliokwishastaafu ndio wanaojenga nyumba na ngazi za jukwaani, na wakati wa mapumziko wake zao na waume zao wanauza chai. Hakuna anayelipwa hata senti, isipokuwa mwenye mchezo wake: kila tamthilia ambayo bado ina mwenye haki wanailipia kabla ya kuigusa. Michezo ya muziki ndiyo ghali, maana wenye haki huchukua sehemu ya mauzo ya tiketi, kwa hiyo wanaiweka wakati ambao ukumbi unajaa. Pantomaimu ya Disemba, inayotoa mababu na wajukuu majumbani pamoja, ndiyo inayoibeba ile tamthilia nzito ya Februari ambayo wanajua haitojaza viti. Yote haya yamepigiwa hesabu mwaka mzima kabla.

Najua tayari kuna mtu anaandika: "Keshajiona huyo, kakaa Ulaya miaka miwili mitatu anataka kutufundisha." Ndugu yangu, nisome mpaka mwisho kwanza. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, mjini Zanzibar, nimekulia kwenye baraza ya kwetu nikisikiliza watu wakitongoa mambo kwa namna ambayo hakuna mwigizaji wa hapa anayeiweza. Nenda Pemba ukasikilize kibati, watu wawili wakijibizana papo kwa papo, maneno yanatoka kama mvua na hakuna aliyeyaandika. Hilo ni jukwaa kamili. Watu wa mji huu hukaa miezi wakihifadhi maneno ya mtu mwengine, na wanayahifadhi vizuri, lakini kipaji cha kuyatunga palepale mbele ya kadamnasi hicho ni cha kwetu. Sizungumzii kipaji. Nazungumzia tarehe.

Binti wa mama yangu mdogo ni mwalimu wa skuli Wete, Pemba. Aliandika mchezo, akaufanyisha mazoezi na wanafunzi wake kila jioni baada ya masomo, wazazi wakashona nguo. Mchezo ulikuwa uoneshwe kwenye sherehe ya taasisi moja. Sherehe ikaahirishwa kwa sababu mgeni rasmi amepata safari. Ikapangwa siku nyengine, ikaahirishwa tena. Ilipofika hiyo siku, watoto walikaa juani tangu saa tatu asubuhi na mavazi yao, mgeni akaingia adhuhuri inakaribia, zikasomwa risala, zikatolewa hotuba, kisha mshereheshaji akamwendea mwalimu na kumwambia: "Bi mwalimu, tupe dakika kumi tu, mheshimiwa ana haraka." Mchezo wa saa nzima. Nilipomtumia picha ya kijitabu hiki alinijibu kwa sauti, na mpaka leo naisikia: "Kaka, nyinyi huko mnaletewa tarehe mlangoni, sisi huku tuliletewa barua ya kuahirishwa."

Hapo ndipo pananiuma. Kwetu mchezo wa kuigiza umegeuzwa kijazio baina ya hotuba mbili. Unaitwa wakati kuna ujumbe wa kupeleka: malaria, dawa za kulevya, udhalilishaji wa watoto. Hayo yote ni mambo ya lazima, na vijana wanaoyaigiza wanafanya kazi ya maana. Lakini mradi ukimalizika na mchezo umemalizika. Nani amewahi kualikwa kwenda kuangalia mchezo Ijumaa usiku kwa sababu ni mchezo mzuri tu? Visiwa hivi vimetoa waandishi wa tamthilia kama Farouk Topan na Said Ahmed Mohamed. Sisi tamthilia tulizisoma kwa ajili ya mtihani, tukahifadhi dhamira na wahusika, tukaandika majibu, na nimemaliza skuli bila ya kuona hata moja ikisimamishwa jukwaani.

Wapo watakaosema hii ni mila ya Wazungu, siye hatuna desturi ya vikundi vya kujitolea na msimu. Hili ndilo linalonitia uchungu kuliko yote, kwa sababu si kweli. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Culture Musical Club ya Vuga tangu 1958. Kabla ya Mapinduzi kulikuwa na klabu za taarab za wanawake, mojawapo ikijiita Royal Air Force na nyengine Navy, zikishindana kwa nyimbo na kwa sare mpaka mji mzima ukagawika. Watu wa klabu hizi walikuwa na kazi zao za mchana, jioni wanakutana kwa mazoezi, wanachama wanatoa ada, na Idi ikifika kila mtu anajua kuna taarab. Kazi ya mchana, mazoezi ya jioni, ada, siku maalumu. Nionesheni tofauti yake na hawa wa hapa. Kikundi cha taarab chenye umri zaidi ya miaka mia moja kimo mjini mwetu, halafu tunaambiana hatuwezi kuendesha kikundi cha maigizo!

Na tarehe tunaziweza, tena vizuri. Sauti za Busara, tamasha la muziki, inajulikana kuwa ni Februari, imekuwapo tangu 2004, na tarehe zake hutangazwa mapema mno. Tamasha la filamu, ZIFF, limeanza 1998. Nayaheshimu matamasha haya na nimecheza pale Ngome Kongwe mpaka miguu ikauma. Lakini tazama yanavyosimama. Mwaka 2016 Busara haikufanyika kabisa kwa kukosa fedha za wafadhili, na hilo ndilo tamasha letu lililopangika kuliko yote. Kikundi cha mji huu hakina mfadhili wa kumtegemea hivyo. Kina watu wanaonunua tiketi za msimu mzima kwa mkupuo, kwa hiyo fedha ya Februari imo sandukuni tangu Septemba.

"Wao wana pesa." Vikundi vya hapa vyenye majumba yao vina umoja wao, Little Theatre Guild, ulioundwa 1946, vita ndiyo kwanza vimekwisha na sukari bado inagaiwa kwa mgao. Na usiniambie watu wetu hawatoi. Nani asiyemjua bibi anayeinuka kitini kwenye taarab, noti mkononi, anakwenda kwa madaha mpaka mbele kumtunza mwimbaji, anarudi, na ubeti unaofuata anainuka tena? Mtu huyo atashindwa kununua tiketi ya mchezo wa mjukuu wake? Hajawahi kuuziwa.

Mwengine atanijia na dini. Namsikiliza kwa adabu, kwa sababu na mimi ni Muislamu na sitaki jukwaa la kumvunjia mtu heshima. Mchezo wa mwalimu wa Wete ulikuwa juu ya mayatima waliodhulumiwa mirathi yao. Nguo walizoshonewa waigizaji zilikuwa za heshima, kama wanazovaa kila siku. Ramadhani hakuna onyesho, masika ya Machi mpaka Mei hakuna onyesho la nje, na bado inabaki miezi chungu nzima. Kalenda yetu ni nyepesi kuipanga kuliko ya hawa wanaoigiza uwanjani na miavuli.

Ukumbi? Najua, sinema ya Majestic ya Vuga, iliyofunguliwa 1921 ikiwa Royal, ikaungua, ikajengwa upya 1955, ikaja kuporomoka paa, na kila mtu wa mjini akawa anapita pale akitikisa kichwa. Nami nilitikisa. Lakini Ngome Kongwe ina ngazi zake za mawe za kukalia watazamaji, skuli zina kumbi, na kundi la hapa lilianzia kwenye ukumbi wa kanisa wenye viti vya kukunja.

Kwa hiyo mkinijibu "basi rudi ufanye wewe", jibu langu ni hili. Binti wa mama mdogo yuko tayari. Mchezo upo, saa nzima, haujakatwa. Tumekubaliana wauoneshe tena baada ya Idi, tiketi iwe bei ya soda mbili, na karatasi ya kutangazia ibandikwe Wete na Chake mwezi mmoja kabla. Gharama ya ukumbi na taa natoa mimi na Wazanzibari wawili wa hapa. Mgeni rasmi hatukumualika. Akitaka kuja, tiketi zitauzwa mlangoni, na saa mbili na nusu usiku mchezo unaanza.