Mdomo uachie wenye soko

Agosti 2025 nilikuwa likizo Dar, nikamsindikiza dada yangu soko la Mabibo. Parachichi moja, kubwa la kushibisha watu wawili, shilingi 700. Likanitoka neno: "Hee, bure kabisa!" Dada akanifinya, ila muuzaji alikuwa keshasikia. La pili likawa 1,000. Tulipopanda bajaji akanigeukia: "Mdogo wangu, siku nyingine wewe beba kapu, mdomo niachie mimi."

Ni ugonjwa wetu sisi tunaoishi nje. Nipo Reading, Uingereza, mwaka wa nane huu. Nikiwa nyumbani kila bei naigawanya kwa 3,300, pauni ilivyokuwa inabadilishwa, naona visenti. Nikirudi huku nazidisha, na parachichi gumu kama jiwe la mto nalilipia huku moyo unauma. Safari hii nikatunza risiti za pande zote mbili. Nilikuwa nataka tu kumwonyesha dada kwamba anaishi peponi.

Kwa nyanya, mchicha, embe na samaki wa soko la Feri sina ubishi, nyumbani ni rahisi na utamu wake huku haupo. Shida ilianza kwenye vitu vya pakiti. Sukari kilo moja, Dar 3,000, Reading pauni moja na senti kidogo, basi ni yale yale. Mafuta ya alizeti yamepishana kidogo mno. Halafu maziwa. Dumu la lita mbili na robo nililinunua huku kwa pauni moja na nusu, ambayo ni kama 2,200 kwa lita. Pakiti ya lita moja pale jirani na kwa dada ilikuwa 3,500.

Nilirudia hesabu mara tatu. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na mimi nakunywa maziwa rahisi zaidi nchi ya baridi na mvua! Ukweli ni kwamba kwetu sehemu ndogo tu ya maziwa hufika kiwandani. Mengi hunywewa nyumbani kwa mfugaji au huuzwa kwa chupa mtaani. Huku nako supamaketi hushindana kwa kushusha bei ya maziwa ili zikuvute ndani, na maumivu humshukia mfugaji. Agosti 2015 wafugaji waliokasirika waliingiza ng'ombe wawili ndani ya supamaketi mjini Stafford. Nikisimama mbele ya friji huwaona kichwani wale ng'ombe, lakini dumu nachukua.

Korosho ndiyo iliyoniudhi. Zinatoka kwetu, Mtwara na Lindi, nyingi zikiwa ghafi, zinakwenda kubanguliwa India na Vietnam, ndipo zinafika rafu za Ulaya. Kilo ya zilizobanguliwa niliuziwa 30,000 Dar, tena baada ya kubembeleza. Reading ilikuwa kama 36,000. Safari yote ile ya bahari, kisha tofauti ni nauli ya bodaboda tu!

Sasa weka mshahara. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini Uingereza kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na zaidi. Kwetu, kima cha chini cha mtumishi wa serikali kilipanda Julai mwaka huo kutoka 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa saa za kazi hupati hata 3,000. Kwa hiyo lita ya maziwa huku ni dakika tatu na ushee za kazi. Kwa dada ni saa nzima na zaidi. Najua mtaniambia kodi ya nyumba huku inakula nusu ya mshahara, na ni kweli, yangu inakula zaidi ya nusu. Hata hivyo, baada ya kuilipa sijawahi kusimama dukani nikachagua kati ya maziwa na nauli.

Na hapo bado hatujafika kwa Mangi, mwenye duka la mtaani. Jirani wa dada hanunui chupa ya mafuta, ananunua ya 500, kila jioni. Siku moja tukayapima kwa kikombe cha jikoni: mililita 65. Piga hesabu, lita inafika karibu 7,700, wakati chupa nzima ya lita dukani ilikuwa 6,500. Asiye na 6,500 mkononi ndiye anayelipa zaidi. Huku supamaketi kibandiko cha rafu kwa kawaida kinakuandikia bei kwa kilo au kwa lita, hata kama unanunua kidogo. Kwetu fungu ni fungu, jicho lako ndiyo mizani, na ukibahatika unapewa nyongeza.

Zile risiti nilimtumia dada kwenye WhatsApp na maelezo marefu. Akajibu kwa sauti, huku nyuma kuna kelele za soko: "Haya, nimeona. Sasa hayo maziwa ya dakika tatu utatuletea lini?"