Weka Pale Peupe

Kabla sijaeleza jinsi droni ya lita 10 ilivyonyunyizia wali wa watu 14, naomba ieleweke kwamba katika mtihani wa nadharia mimi ndiye niliyeongoza. Nimekuwa bwana shamba kwa miaka mingi katika majaruba ya Mbarali, nimebeba bomba la mgongoni la lita 16 hadi mabega yakaota sugu kama ya punda wa mkokoteni, na nilipoitwa kwenye mafunzo ya siku 6 ya kurusha droni za kilimo nilikwenda na daftari jipya na kiburi cha zamani. Vijana wa darasani waliniita Mzee na kunihurumia mapema. Nikawajibu kwa kukariri kila kitu: kwamba chombo hakirushwi bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwamba upepo ukifika mita 5 kwa sekunde unafunga kazi ukanywe chai, maana dawa itaishia kwenye bustani ya jirani, na kwamba droni huruka mita 2 au 3 tu juu ya mpunga ili upepo wa mapanga yake usukume matone hadi kwenye mashina. Hili la mwisho lishikwe vizuri, kwa sababu tutakutana nalo tena mbele.

Siku ya 5 ilikuwa ya vitendo. Mkufunzi, kijana mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, alitutaka tujaze tangi maji matupu badala ya dawa, jambo ambalo hadi leo namshukuru Mungu kwalo. Kando ya mfereji palikuwa na kiwanja kidogo kilichokauka; tukakichorea duara kubwa kwa chokaa na kuitawanya nyingine katikati, pakang'aa kama sakafu ya msikiti. Hapo ndipo droni ilipoanzia safari, na chombo hicho kikishanasa setilaiti huhifadhi mahali kilipoinukia na kupahesabu kuwa ndiyo nyumbani. Betri ikipungua, au ukibonyeza kitufe cha kurudi, hupanda hadi kimo ulichokipangia, hunyoosha njia, kisha hushuka wima palepale, kwa utii ambao sijauona kwa ng'ombe wala kwa mtoto wa kuzaa mwenyewe. Ndiyo maana rubani huwa na msaidizi wa kulinda duara lisikanyagwe na mtu. Msaidizi wangu nilikuwa nimemtuma vocha.

Sasa, mbali na urubani, mimi pia nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya chakula. Usiku uliotangulia nilimpigia simu mama lishe wetu nikamwambia asihangaike kuvuka matope na masufuria yake: "Dada, kesho weka pale peupe, kando ya mfereji." Nilikuwa na maana ya mahali pa wazi. Yeye alifika na bajaji, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaona pale peupe kuliko pote alipopata kupaona tangu azaliwe, akatandika mkeka katikati.

Juu ya kibao kilichoachwa ndani ya duara alikuta pia karatasi ndogo za manjano. Hizo huchomekwa kati ya mashina ya mpunga kabla ya kunyunyizia, na kila tone la maji linapozigusa huacha doa la bluu, hivyo mtu anaweza kuona kama dawa ingefika chini au ingeishia juu ya majani. Mama lishe aliamini kwamba ni tiketi za chakula. Akapakua sahani 14 na kuweka karatasi moja kando ya kila sahani, kazi safi kabisa.

Mimi nilikuwa ng'ambo ya majaruba, macho kwenye kioo cha rimoti, nikimalizia mstari wa mwisho ambao betri ilikuwa imekwisha kunionya niuache. Nilipobonyeza kurudi, nikajipongeza. Droni ikapanda, ikapita juu ya mfereji, ikasimama hewani juu ya duara na kuanza kushuka. Ndipo niliposikia ukelele.

Upepo wa mapanga ulifika kabla ya droni yenyewe. Kanga ya bega iliondoka ya kwanza, ikafuatiwa na mifuniko ya hotipoti, kisha wali ukainuka wote kwa pamoja kama kundi la kwelea kwelea waliopigiwa debe. Nilijua la kufanya, kwani nilikuwa nimelipatia alama zote kwenye mtihani: unasitisha kurudi, unasukuma kijiti cha kushoto juu, chombo kinapanda. Kidole gumba changu hakikuwa kimefanya mtihani huo. Kikabonyeza kitufe cha kunyunyizia, na lita 3 zilizokuwa zimebaki zikamiminika kwa ukungu laini juu ya wali, maharage, mchicha na mama lishe.

Mkufunzi akanijia, akanyoosha mkono, akasema, "Mzee, naomba." Akaichukua rimoti, akaipandisha droni, akaenda kuitua kwenye jaruba tupu. Hakuna aliyeumia. Tulipofika kwenye duara aliinama, akaokota karatasi moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaokota ya pili na ya tatu, na kadiri alivyoendelea uso wake ulizidi kuwa wa mtu anayepambana na ukweli asioutaka.

"Matone yameenea vizuri sana," alisema hatimaye. "Sahani zote. Hata ya chini ya benchi."

Mama lishe, akikamua ncha ya gauni, hakutaka habari za matone. "Bwana shamba, si ni wewe uliyeniambia niweke peupe?" Nililipa chakula cha watu 14, na watu 14 wakala mkate mkavu huku wakinitazama. Kwenye fomu yangu ya tathmini mkufunzi aliandika: "Unyunyizaji: vizuri sana. Kutua: bado."

Kesho yake, saa 6 mchana, simu ikalia.

"Bwana shamba, chakula tayari. Ila leo nimeweka peusi, huku walikochoma mabua."

Nikamshukuru, kisha nikamtuma msaidizi akahakikishe.