"Usibahatishe!"

Mwezi wa sita shule zilipofunga, mpwa wangu alikuja kukaa kwangu hapa Lindi. Yuko la tano. Kwenye begi kaja na daftari la hesabu, nikalifungua nikakuta grafu za picha zimechorwa vizuri mno, embe moja linawakilisha maembe kumi, nusu embe matano, vema nyekundu kila ukurasa. Nikamuuliza, haya maembe aliyahesabu nani? Akaniangalia kama mtu mzima kachanganyikiwa. "Mjomba, mwalimu si aliandika ubaoni."

Yaani mtoto anachora takwimu za maembe ambayo hakuna mtu aliyeyaona. Hajawahi kuhesabu kitu mwenyewe akakuta idadi ya leo na ya kesho hazifanani, akajiuliza kwa nini.

Jioni nikatoa sarafu ya mia tano, hii ya Karume upande mmoja na nyati upande mwingine. (Sisi tulikuwa tunasema kichwa au mwenge, na ukipita wanapocheza mpira utasikia bado kuna wanaoita mwenge, wakati kwenye hela hizi mwenge wenyewe haupo.) Nikairusha, nyati. Tena nyati. Ya tatu nyati, ya nne nyati. Nikamuuliza ya tano itakuja nini, akajibu bila kufikiria, "Kichwa mjomba, sasa hivi zamu yake."

Nikacheka lakini sikumcheka yeye, maana pale kijiweni kuna watu wazima wana ndevu wanaongea hivyo hivyo, mikeka minne ya kubeti imechanika basi huu wa tano lazima utiki, kana kwamba kuna mtu anawawekea zamu. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka mwanzo. Kupata nyati nne mfululizo ni nafasi moja kati ya 16, sawa, ila zikishatokea hizo nne, ya tano ni nusu kwa nusu kama ilivyokuwa ya kwanza.

Kesho yake nikamwekea vizibo vya soda kwenye mifuko miwili ya rambo. Wa kwanza vyekundu viwili na cheusi kimoja, wa pili vyekundu vinne na vyeusi sita. Ukichomoa chekundu bila kuangalia unapata andazi, unachagua mfuko gani? Akakimbilia wa pili kwa sababu "una vyekundu vingi". Kweli ni vingi, lakini pale ni vinne katika kumi, na kule ni viwili katika vitatu. Hili si la mpwa wangu peke yake. Wanasaikolojia Piaget na Inhelder walishaandika kitabu kizima mwaka 1951 kuhusu watoto na bahati, wakasema mdogo kabisa hatenganishi jambo la lazima na jambo la bahati, na huku kulinganisha kwa uwiano kunakaa sawa kwenye miaka 11 au 12 hivi. Baadaye mwanasaikolojia mwingine, Fischbein, kwenye kitabu chake cha 1975, akasema mtoto anakuja shule tayari ana hisia fulani ya bahati, shida ni kwamba shule inamzoesha kuwa kila swali lina jibu moja la uhakika, basi ile hisia inabaki bila kulelewa. Mimi niko na Fischbein. Ni mara ngapi tumeambiwa darasani "usibahatishe!" na fimbo juu? Kubahatisha kwetu ni kosa, wakati kuna kubahatisha kwa akili na kunafundishika.

Na ushahidi niliupata ghalani. Nilienda naye msimu huu wa ufuta, kuna jamaa anapima ubora ana bambo mkononi, kile chuma cha kuchotea sampuli, anachoma gunia, anavuta, anamwaga kiganjani, anapuliza vumbi, anaangalia kama kuna mchanga. Gunia zima linahukumiwa kwa ufuta wa kiganja kimoja! Mpwa wangu akaniminya mkono, "Mjomba, mbona anachoma juu tu, kama mchanga wameuweka chini?" Jamani. Hilo ndo swali lenyewe la sampuli, mtoto wa la tano kaliuliza kasimama kwenye vumbi bila kufundishwa na mtu, na kwenye daftari lake halimo. Yule jamaa akasikia, akachoma katikati na chini pia, sijui kwa aibu au ndo utaratibu.

Sisi tulikutana na takwimu kidato cha pili, probability, yaani hesabu za uwezekano, ikaja kidato cha nne, kwa Kiingereza, mtihani wa taifa uko mlangoni, tukakariri kanuni tukasonga. Ndo maana ilipofika Aprili 2019 Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatahadharisha Mtwara na Lindi kuhusu kimbunga Kenneth, halafu kikaenda kupiga Cabo Delgado, Msumbiji, kikaua watu huko, huku kwetu maneno yakawa "wametudanganya". Nilisema hivyo na mimi, nakiri. Ukiambiwa kuna uwezekano sisi tunasikia kitatokea, kisipotokea basi aliyesema ni mwongo.

Wala sidai vifaa. Sarafu ipo, vizibo vimejaa nje ya kila duka, korosho zipo, mtoto abashiri kwanza, aandike alichobashiri, arushe, ahesabu, ndo achore hiyo grafu.

Kabla hajarudi kwao Nachingwea tulirusha ile mia tano mara 100, yeye anarusha mimi naandika. Nyati 54. Akakunja uso, akasema lazima nimekosea kuandika, ilitakiwa 50. Nikamwambia basi turushe mia nyingine tuone. Tukafika 37, sarafu ikabiringika ikaingia uvunguni mwa kabati, na mpaka leo haijatoka.