Huruma peke yake haimgeuzi mgonjwa kitandani

Kila nikishuka Lamu, iwe barazani au kwenye shughuli, maneno ni yale yale: "Huko Uzunguni wana mashine, lakini huruma hawana. Sisi ni maskini, ila wagonjwa wetu hatuwatupi." Husemwa kwa nia njema, na mara nyingi anayesema ni mtu aliyelala sakafuni usiku baada ya usiku kando ya kitanda cha mamake. Lakini mimi ni muuguzi. Nimezaliwa mtaa wa Langoni, Lamu, nimesomea Mombasa, nimefanya kazi huko kwetu pwani, na sasa niko Leicester, Uingereza, katika wadi ya wazee. Maneno hayo siyakubali, na naomba tuache kujifariji nayo, maana kuna wagonjwa wanaoumia kwa sababu yake.

Wengi wetu tunamwona muuguzi kama msaidizi wa daktari: achome sindano, afunge dripu, agawe vidonge, basi. Wenyewe waliojenga taaluma hii hawakuiona hivyo. Florence Nightingale, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1859, alizungumza zaidi juu ya hewa safi, mwanga, usafi, utulivu na chakula kinachomfika mgonjwa kwa wakati wake kuliko alivyozungumza juu ya dawa. Mwaka 1979 Jean Watson, mwalimu wa uuguzi Colorado, Marekani, aliuweka utunzaji katikati kabisa ya kazi yetu na kuupa vipengele kumi, kuanzia kujenga uaminifu na mgonjwa hadi kumtimizia mahitaji ya mwili. Watson nampenda, ingawa maandishi yake hupaa juu sana kwa muuguzi aliye katikati ya zamu. Mimi hushika zaidi mafundisho ya Kristen Swanson, muuguzi mwingine wa Marekani, ambaye nadharia yake ya mwaka 1991 ilianzia kwa kuwasikiliza wanawake walioharibikiwa na mimba. Anasema kutunza ni mambo matano: kumjua mgonjwa, kuwa naye, kumfanyia yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angeweza, kumwezesha, na kushikilia imani kwamba atavuka. Huo ni ujuzi. Unafundishwa, unafanyiwa mazoezi, unasahihishwa. Na kama ujuzi wowote, unataka muda na watu.

Nieleze namna unavyoonekana. Mzee mmoja, aliyeumalizia ujana wake katika viwanda vya viatu vya mji huu wa Leicester, aliletwa na nimonia. Mke amefariki, mwanawe yuko Australia. Asubuhi nilimwosha: uso kwanza, kwa maji matupu, kisha mikono, kwapa, mgongo, miguu, kila nilipomaliza nikifunika, asipigwe na baridi wala asivunjiwe heshima. Kisigino cha kushoto kilikuwa chekundu. Nilikibonyeza kwa kidole, nikaachia, wekundu haukuondoka. Muuguzi akiona hivyo anajua kwamba nyama ya ndani imeshaanza kuumia hata kama juu ngozi haijafunguka. Niliweka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kisiguse godoro, nikaandika kwenye faili, na tangu saa ile akawa anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Chakula chake kikaanza kuja kwenye trei nyekundu, ambayo hospitali nyingi za huku huitumia ili kila anayepita ajue kwamba huyu hawezi kula bila kusaidiwa, trei isirudi jikoni imejaa. Nilipokuwa namnyoa ndevu ndipo akaniambia kwamba hapati usingizi kwa kuogopa kujikojolea mbele za watu. Daktari hakulijua hilo. Faili halikuwa nalo. Lilitoka kwa sababu mtu alikaa naye na wembe mkononi, bila haraka.

Sasa msinielewe vibaya. Sikuyafanya hayo kwa kuwa nina moyo mzuri kuliko wenzangu walioko Lamu. Niliyafanya kwa sababu nilikuwa na wagonjwa saba na mhudumu wa kunisaidia. Ningekuwa na arubaini, yule mzee angepata vidonge vyake kutoka kwangu na pengine salamu.

Na Waingereza hawakuzaliwa wakiwa watunzaji. Katika hospitali ya Stafford, kati ya mwaka 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa kwenye mashuka machafu, wengine wakikosa hata maji ya kunywa. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013, ilieleza jinsi wakubwa walivyokuwa wanakimbizana na malengo ya fedha huku wauguzi hawatoshi. Nchi ile ile, mafunzo yale yale, watu wale wale. Palipopunguzwa wauguzi, utunzaji ulianguka. Mwaka huo huo wa 2013 daktari wa wazee, Kate Granger, akiwa mwenyewe analazwa kwa saratani, aliona kwamba wanaomhudumia hawamwambii hata majina yao. Akaanzisha kampeni ya kuwataka wote waanze kwa kujitambulisha. Alifariki 2016, na mpaka leo tunavaa beji za manjano zenye maneno yake. Nalitaja hili kwa sababu sisi ndio watu wa salamu. Njiani mtu haachiwi apite mpaka aulizwe habari za wazee, watoto na safari. Akilazwa, mtu huyo huyo anakuwa "kitanda nambari nane".

Nije kwetu. Nilikuwa likizo, namuuguza ami yangu katika hospitali moja ya serikali hapo pwani. Kitanda cha pili alilala kijana kutoka bara, kibarua wa ujenzi, aliyeanguka akaumia uti wa mgongo. Hakuwa na mtu. Kina mama waliokuja kumtazama ami wangu walimchukua kama mtoto wao. Walimletea uji, chai ya tangawizi, mofa na samaki, mmoja akampa kikoi na shuka. Njaa hakulala nayo hata usiku mmoja, na hili nalisema kwa fahari. Lakini hakuna aliyemgeuza. Kina mama hawangeweza kumfunua mwanamume asiye maharimu wao. Wanaume waliokuja walichelea kumvunja zaidi, na walikuwa na haki kuchelea, kwani mtu wa namna hiyo hugeuzwa na watu kadhaa waliofundishwa, mwili mzima kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga zikienda kwa wakati mmoja. Muuguzi wa usiku alikuwa mmoja, wadi nzima. Niliomba ruhusa nimsaidie. Tulipofika kwa yule kijana na kumgeuza, chini ya mgongo kulikuwa na kidonda ambacho ncha ya kidole ingezama, na alikuwa hajamaliza hata wiki. Mwenyewe hakukihisi. Harufu tuliidhania ya choo.

Yule muuguzi hakuwa mkali wala mvivu. Alinyamaza, akaleta maji ya chumvi na shashi, tukasafisha pamoja, kisha akaitwa upande wa pili wa wadi ambako dripu imetoka na damu inachuruzika. Kesho yake mtu mmoja angemsema kwamba manesi wa serikali hawana huruma.

Hapa ndipo nisipokubaliana na majirani zangu. Tunasema jamaa wanatosha. Jamaa hawatoshi. Wanalisha, wanafariji, wanasoma Yasini, wanamfuta jasho mgonjwa, na hayo hakuna wadi ya Uingereza itakayowapiku. Lakini hawajui kisigino chekundu kina maana gani, hawajui mzee aliyepooza upande mmoja anaweza kupaliwa na uji ukaingia mapafuni. Tena si kila mgonjwa ana jamaa, na mwenye nao hawako naye kila saa. Ndugu wa mgonjwa aliyetoka Faza au Kizingitini, huko kisiwani Pate, wanangoja boti. Saa hizo zote mgonjwa ni wa nani?

Pia kuna hesabu ambayo haitaki moyo wala dini kuielewa. Linda Aiken, mtafiti wa uuguzi wa Marekani, na wenzake walichunguza wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja anapoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa wagonjwa kufa ndani ya siku 30 unapanda kwa asilimia 7. Hizo ni hospitali za Ulaya. Kwetu mzigo hauongezwi kwa mgonjwa mmoja mmoja.

Nisije nikaonekana nimekwenda nje nikasahau nilikotoka. Kuna mambo ya huku yananiumiza. Mzee anayeishi peke yake hutembelewa nyumbani na mhudumu wa kulipwa, na ziara nyingine ni za dakika 15: avishwe nguo, apewe dawa na chai, mlango ufungwe. Kuna wazee hapa wadini ambao mtu wa mwisho kuwaita kwa jina lao la utotoni alishakufa. Sitaki mamangu azeekee huku. Wauguzi nao wamechoka. Desemba 2022 wanachama wa Royal College of Nursing, chama cha wauguzi, wa England waligoma kwa mara ya kwanza katika historia ya chama hicho chenye zaidi ya miaka 100, wakidai mishahara na wakisema wazi kwamba uchache wao unahatarisha wagonjwa. Niliposikia madai yao niliwakumbuka wauguzi wa Kenya waliogoma tangu Juni hadi Novemba 2017.

Na kuna elimu ambayo Lamu ingeweza kuifundisha dunia. Madeleine Leininger, muuguzi wa Marekani aliyesomea pia anthropolojia, alikwenda kuishi na Wagadsup wa Papua New Guinea mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye akafundisha kwamba kila jamii ina utunzaji wake: muuguzi ahifadhi unaofaa, apatane na mgonjwa palipo na mgongano, na unaodhuru waubadilishe kwa pamoja. Mchukue mgonjwa anayengoja upasuaji, ambaye hatakiwi kunywa kitu, na mamake amekuja na kombe, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani ili mgonjwa anywe, alilolitoa mbali. Muuguzi mwenye haraka atamfokea. Muuguzi aliyefunzwa atamkalisha, amweleze kwa nini tumbo liwe tupu, amwambie mgonjwa asomewe sasa na kombe litunzwe mpaka aruhusiwe kunywa. Mama ataondoka ametulia, na mtoto ataingia chumba cha upasuaji salama. Mazungumzo hayo yanataka dakika kumi ambazo muuguzi wetu wa usiku hana.

Julai 2021 serikali ya Kenya ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kuleta wauguzi wetu huku, na sababu iliyotolewa ni kwamba wapo wengi nyumbani waliohitimu na hawana ajira. Mimi ni mmoja wa walioondoka na simlaumu anayekuja, ana watoto wa kusomesha. Ila nashindwa kuelewa nchi ambayo wauguzi wake wanakaa nyumbani na vyeti kabatini, na wagonjwa wake wanaoza mgongo kwa kukosa wa kuwageuza, ikasema vyote viwili kwa wakati mmoja bila kuona haya.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Mwaka 2027 watakuja kuomba kura, na najua watakachotuahidi: jengo jipya, mashine mpya, ambulensi ya baharini. Vyote tuvipokee. Lakini kabla ya hapo waulizwe, tena mbele za watu, zamu ya usiku ya wadi ya wanaume itakuwa na wauguzi wangapi, na mshahara wao umo kwenye bajeti ya mwaka gani. Waulizwe kama yule anayekuja na boti kutoka Kiunga atapata pa kulala karibu na mgonjwa wake, na kama kutakuwa na muuguzi wa kumfundisha kumgeuza, kumlisha akiwa ameketi wima na kukagua ngozi, maana akirudi naye nyumbani ndiye atakayeifanya kazi hiyo miezi na miezi. Asiyekuwa na jibu la zamu ya usiku, kura yangu na ya nyumba yetu hana.