Nguruwe, Nyuzi 10 na Pafu Linalosubiri Kupandikizwa

Wanaotaka wanyama waondolewe kwenye utafiti wa kuhifadhi mapafu ya kupandikiza wana hoja nzito: mapafu ya binadamu yapo. Mengi yanayotolewa na marehemu hukataliwa na madaktari, na familia ikiridhia, yanaweza kuunganishwa kwenye mashine, yakapulizwa hewa na kupitishiwa kimiminika kwa saa kadhaa. Nguruwe wa maabara, kwa upande wake, ni kijana mwenye afya ambaye hajawahi kuvuta sigara, na mishipa ya mapafu yake ina seli za kinga ambazo kwa binadamu hazikai humo. Yote hayo ni kweli.

Ila pafu lililo kwenye mashine bado halijapandikizwa. Linaweza kutoka kwenye baridi likionekana zima, kisha damu ya mpokeaji inapoingia na chembe zake nyeupe, mishipa ikavuja na pafu likajaa maji. Ndiyo maana madaktari hulichunguza kwa saa 72 za mwanzo baada ya kulipandikiza. Kulijaribu pafu namna hiyo kunahitaji mwili ulio hai, na kama si wa mnyama, ni wa mgonjwa.

Chukua suala la joto. Kwa miongo kadhaa mapafu yalibebwa kwenye barafu, karibu nyuzi joto 4 za Selsiasi, na saa 6 hadi 8 zikahesabiwa kuwa ukomo. Mwaka 2021 watafiti wa Toronto walichapisha matokeo ya mapafu ya nguruwe yaliyokaa saa 36: ya nyuzi 10 yalifanya kazi vizuri kuliko ya nyuzi 4, na mitokondria zake, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati, zilikuwa na afya zaidi. Wagonjwa watano wa kwanza waliopandikizwa mapafu yaliyohifadhiwa kwa nyuzi 10 walifuata baada ya nguruwe. Fikiria maana yake: pafu likifika usiku wa manane linaweza kusubiri asubuhi, na mgonjwa akapasuliwa na madaktari waliokwisha kulala vya kutosha.

Linaloniuma ni kwamba majaribio ya sungura yalishadokeza ubora wa nyuzi 10 tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanyama walikufa, na jibu lao likakaa bila kutumika kwa miaka 30. Hapo wapinzani wana haki ya kukasirika.

Nami nakubaliana nao kuhusu tiba za kukarabati mapafu yaliyoharibika. Dawa ya kusafisha pafu lenye nimonia ijaribiwe kwanza kwenye mapafu ya binadamu yaliyokataliwa, maana ugonjwa wenyewe umo humo tayari.