Le Trou: mikono tunaiona, makosa hatuyaoni

Mwongozaji wa filamu Mfaransa Jacques Becker alifariki Februari 1960, wiki chache kabla filamu yake ya mwisho, Le Trou, yaani Shimo, haijaanza kuonyeshwa. Hakuwahi kubanwa kwa swali ambalo leo haliepukiki filamu hii inapotajwa: ni haki kutufanya tuwapende wafungwa wake bila kutuambia walifanya nini?

Kisa chenyewe ni cha kweli, cha mwaka 1947 katika gereza la La Santé jijini Paris. Mahabusu wanne wanatoboa sakafu ya seli ili wapite chini kwa chini hadi kwenye mifereji ya maji machafu. Ghafla analetwa wa tano, kijana mpole aitwaye Gaspard, na inabidi waamue kama watamwambia au watanyamaza. José Giovanni, mmoja wa waliokuwemo kwenye jaribio lile la kutoroka, aliandika riwaya yake mwaka 1957, kisha akashirikiana na Becker kuitengeneza filamu.

Wanaoitetea hutaja kwanza kazi ya mikono, na hapo kuwabishia ni kazi. Kamera inakaa juu ya sakafu karibu dakika nne bila kukatwa. Kipande cha chuma kilichobanduliwa kitandani kinaponda zege, mmoja akichoka mwingine anapokea, mpaka kifusi kinaanza kutoka. Muziki hakuna. Kelele ni kubwa kiasi kwamba wewe mtazamaji unataka kuwaambia wapunguze. Kipande cha kioo kinafungwa kwenye mswaki, kinachomozwa kwenye tundu la mlango, na askari anaonekana akija. Chupa za dawa zinageuzwa saa ya mchanga. Becker alikuwa msaidizi wa mwongozaji Jean Renoir miaka ya 1930, na wakati wa vita alishikwa mateka na Wajerumani. Kufungiwa hakukusomea vitabuni.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwaka 1993 magazeti ya Uswisi yalifichua kwamba Giovanni, jina lake halisi Joseph Damiani, alikuwa upande wa waliowatumikia Wanazi Ufaransa ilipokaliwa, na alihusika kuwatisha Wayahudi waliokuwa mafichoni ili wampe fedha. Hukumu ya kifo aliyopewa mwaka 1948, ambayo baadaye ilipunguzwa, ilihusu mauaji. Sasa mtazame Manu, mhusika aliyechongwa kutokana naye: mtulivu, jasiri, mtu ambaye ungependa kulala naye seli moja. Huko ni kusafishwa jina, tena kwa sabuni nzuri. Mwongozaji Robert Bresson hakuwa na mzigo huo katika filamu yake ya mwaka 1956 kuhusu kutoroka gereza la Montluc, Lyon, maana aliyetoroka, André Devigny, alikuwa mpiganaji dhidi ya Wanazi. Mtazamaji anamwombea atoke na roho yake imetulia.

Mimi naegemea kwa Becker, lakini si kwa sababu eti sanaa ni sanaa. Hoja hiyo imechoka. Naegemea kwake kwa sababu filamu nzima inahusu hatari ya kumwamini mtu usiyemjua. Wale wanne wanampima Gaspard kwa adabu yake, kwa jinsi anavyowagawia chakula kilichotumwa kutoka nyumbani, kwa jasho lake shimoni. Vipimo vyote anavipita. Kisha mkuu wa gereza anamwita ofisini, anamwambia mkewe amefuta mashtaka, wanaongea muda mrefu, na anarudi akiwa mtu mwingine. Sisi nasi tumewapima wale wanne kwa jasho hilohilo, na tumewapa imani yetu bila kuuliza faili zao zinasema nini.

Lawama yangu iko mahali pengine. Filamu inafunguliwa na Jean Keraudy, mtorokaji halisi aliyeigiza pia kama Roland, mmoja wa wale wanne, akituambia kuwa rafiki yake Becker amekieleza kisa cha kweli, kisa chake yeye, kwa kila undani. Kwa nyundo, funguo na zege, sawa, namwamini. Kwa watu wenyewe, hapana. Becker angeliondoa tamko lile, ukimya wake kuhusu makosa yao ungekuwa uamuzi wa msanii tu. Akiliacha, ukimya unageuka ushahidi nusu, na Giovanni ndiye aliyefaidika nao kwa zaidi ya miaka 30.